Kuimba Ukiwa: Muziki wa Jadi wa Andes na Kumbukumbu ya Anguko la Wainka

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna muziki wa jadi wa Milima ya Andes ulivyobeba kumbukumbu ya kuanguka kwa dola ya Wainka na ya misiba iliyofuata, tangu karne ya 16 hadi leo. Swali linaloongoza mjadala ni hili: kwa nini baadhi ya nyimbo zilipotea katika muda wa kizazi kimoja au viwili, ilhali nyingine zimedumu kwa karibu miaka 500 licha ya vita, maradhi, marufuku na uhamaji? Makala yanadai kwamba zilizopotea ni zile zilizotegemea kasri la mtawala, na zilizodumu ni zile zilizofungamana na shamba, msiba, sherehe na lugha ya watu wa kawaida. Kwa hiyo, kilichodumu si hazina ya nyimbo za Wainka kama zilivyokuwa, bali desturi ya kuimba hasara hadharani na kwa pamoja. Sehemu ya mwisho inaeleza maana ya hoja hii kwa wanaoshauri serikali kuhusu sera za lugha na za urithi wa utamaduni usioshikika.

1.0 Utangulizi

Tarehe 16 Novemba 1532, katika uwanja wa mji wa Cajamarca, kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Peru, kikosi cha Wahispania wasiofika 200 chini ya Francisco Pizarro kilimteka Atahualpa, mtawala wa Tawantinsuyu. Jina hilo la Kikechua lina maana ya sehemu nne zilizoungana, nalo lilitaja dola iliyoenea kutoka kusini mwa Kolombia ya leo hadi katikati ya Chile. Atahualpa alijikomboa kwa dhahabu na fedha nyingi, lakini mwaka 1533 akauawa kwa kunyongwa. Manco Inka aliongoza uasi mwaka 1536, na warithi wake wakashikilia milki ndogo katika misitu ya Vilcabamba hadi 1572. Mwaka huo Túpac Amaru wa kwanza alikatwa kichwa katika uwanja wa Cusco, kwa amri ya Francisco de Toledo, mwakilishi wa Mfalme wa Hispania.

Hasara iliyofuata haikuwa ya kiti cha enzi pekee. Mwanahistoria Noble David Cook alikadiria kwamba wenyeji wa eneo la Peru walikuwa takriban 9,000,000 mwaka 1520, na kufikia 1620 walikuwa wamebaki takriban 600,000. Maradhi yaliyoletwa kutoka ng’ambo, vita na njaa viliua wengi. Waliosalia walihamishwa kwa nguvu na kukusanywa katika vijiji vipya vilivyopangwa na Toledo, na wanaume walipelekwa kwa zamu katika kazi ya shokoa kwenye migodi ya fedha ya Potosí na ya zebaki ya Huancavelica.

Kabla ya kuendelea, ni muhimu kuondoa utata wa istilahi. Muziki unaouzwa kwa watalii kwa jina la muziki wa Wainka kwa sehemu kubwa si wa Wainka. Wainka walikuwa watawala wa ukoo wa Cusco, na dola yao kubwa ilidumu kwa takriban karne moja tu. Nao pia walikuwa washindi waliozitiisha jamii nyingine, wakiwemo Waaimara wa nyanda za Ziwa Titicaca. Ala wanazohusishwa nazo zilikuwapo kabla yao. Mwaka 2001, katika hekalu la Chavín de Huántar, wanaakiolojia walifukua mabaragumu 20 ya kombe la bahari, ya zama zilizoitangulia dola ya Wainka kwa zaidi ya miaka 1,500. Kwa hiyo makala haya yanatumia maneno “muziki wa Andes” kwa ujumla, na jina la Wainka litatumika pale tu kumbukumbu yao inapohusika.

2.0 Taki: Wimbo kama Hifadhi ya Utawala

Neno la Kikechua taki kwa kawaida hufasiriwa kuwa ni wimbo. Tafsiri hiyo ni pungufu. Taki ni kuimba pamoja na kucheza, na ni tukio lenyewe linalowakusanya watu. Msomaji wa Kiswahili analielewa jambo hili kwa urahisi kuliko wasomaji wa lugha nyingi za Ulaya, kwa kuwa neno ngoma nalo hutaja ala, uchezaji na mkusanyiko kwa mara moja. Mwenye kuiondoa ngoma katika mkusanyiko wake hubaki na sehemu tu ya maana yake, na ndivyo ilivyo kwa taki.

Wainka hawakuwa na maandishi ya herufi. Kumbukumbu za dola zilihifadhiwa kwa khipu, yaani nyuzi zenye mafundo, na kwa nyimbo. Mwandishi wa Kihispania Pedro Cieza de León, aliyekusanya habari huko Cusco katikati ya karne ya 16, aliandika kwamba mtawala alipofariki, wazee walijadili maisha yake. Akionekana kuwa shujaa na mwadilifu, watu wenye kipaji waliteuliwa kutunga na kuhifadhi nyimbo za matendo yake. Akionekana kuwa mzembe au mwoga, ilikatazwa kumkumbuka kwa wimbo. Nyimbo hizo ziliimbwa katika karamu kubwa mbele ya mtawala mpya, na maiti zilizokaushwa za watawala waliotangulia zililetwa uwanjani zikakaa pamoja na walio hai. Kila maiti ilikuwa na ukoo wake wa kuitunza, na mashamba ya kuulisha ukoo huo.

Mbali na nyimbo hizo za kasri, palikuwa na nyimbo za kazi na za moyo. Haylli ulikuwa wimbo wa ushindi, vitani na shambani vilevile: wakulima walipopasua ardhi kwa mijembe yao ya miguu, waliuimba kana kwamba udongo ni adui aliyeshindwa. Harawi ulikuwa wimbo wa mapenzi, utengano na huzuni. Inca Garcilaso de la Vega, mwana wa binti wa ukoo wa Wainka na nahodha Mhispania, aliyezaliwa Cusco mwaka 1539, alieleza katika kitabu chake cha 1609 jinsi watu wa Qolla walivyopiga filimbi za matete yaliyofungwa pamoja, huku mpigaji mmoja akimjibu mwingine kwa sauti tofauti. Aliongeza kwamba kila wimbo wa mapenzi ulikuwa na lahani yake, kiasi kwamba filimbi pekee ilitosha kumfikishia mpenzi ujumbe bila ya neno lolote.

3.0 Anguko: Kilichokufa na Kilichobaki

Tofauti kati ya nyimbo za kasri na nyimbo za shamba ndiyo ufunguo wa kuelewa kilichotokea baada ya 1532. Nyimbo za watawala zilihitaji mambo matatu: maiti ya mtawala, ukoo wa kuitunza na karamu ya uwanjani. Yote matatu yalivunjwa. Uharibifu ulianza hata kabla ya Wahispania kufika Cusco, kwani katika vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Atahualpa na nduguye Huáscar, majemadari wa Atahualpa waliichoma maiti ya Túpac Yupanqui na kuwaua watu wa ukoo wake pamoja na watunzaji wa khipu. Mwaka 1559 hakimu Polo de Ondegardo alizisaka maiti zilizosalia zikiwa zimefichwa, akazitwaa, na baadhi zikapelekwa Lima. Bila maiti hapakuwa na karamu, na bila karamu hapakuwa na mahali pa kuuimba wimbo. Tunachokijua leo kuhusu nyimbo hizo ni muhtasari uliomo katika vitabu vya watu wa nje na vya watoto wa ndoa mseto.

Haylli na harawi hazikuwa na kaburi la kifalme la kutegemea. Zilitegemea kulima, kupanda, kuaga na kuzika, mambo ambayo hakuna mtawala angeweza kuyakomesha bila ya kujinyima chakula na nguvu kazi. Kanisa lenyewe lililitambua hilo mapema. Garcilaso anasimulia kwamba mwaka 1551 au 1552 kiongozi wa kwaya ya kanisa kuu la Cusco alitunga wimbo wa sikukuu ya Mwili wa Kristo kwa kufuata lahani ya haylli, akawavika vijana wanane mavazi ya kienyeji na kuwapa mijembe mikononi. Wenyeji walifurahi kusikia nyimbo zao ndani ya ibada ya Wahispania.

Wengine walichagua njia ya makabiliano. Katika miaka ya 1560, katika eneo la Huamanga, ambalo leo ni Ayacucho, lilizuka vuguvugu lililoitwa Taki Onqoy, yaani maradhi ya kuimba na kucheza. Waliopagawa walitetemeka, wakacheza na kutangaza kwamba wak’a, nguvu takatifu za milima na chemchemi, zingerudi kumshinda Mungu wa Wahispania. Padri Cristóbal de Albornoz aliongoza msako uliowaadhibu wafuasi wengi. Jina la vuguvugu hilo linafaa kuzingatiwa. Jamii iliyokuwa ikifa kwa ndui na surua iliyaita maombi yake ya kurudishiwa ulimwengu wake kwa jina la maradhi, na dalili ya maradhi hayo ilikuwa ni taki.

Kati ya makabiliano na utii palikuwa na njia ya tatu. Mwaka 1631 padri Juan Pérez Bocanegra, aliyehudumu Andahuaylillas karibu na Cusco, alichapisha kitabu cha ibada chenye wimbo wa Kikechua wa sauti nne uitwao Hanacpachap cussicuinin. Huo unahesabiwa kuwa muziki wa kwaya ya sauti nyingi wa kwanza kuchapwa katika bara la Amerika. Kwa mujibu wa uchambuzi wa mwanaisimu Bruce Mannheim, sifa anazopewa Bikira Maria katika wimbo huo zinaweza pia kusomwa kuwa sifa za kundi la nyota za Kilimia, ambalo watu wa Andes walilitazama ili kujua msimu wa kilimo. Mwimbaji aliyeingia kanisani kwa maandamano angeweza kuomba kwa namna mbili kwa maneno yaleyale.

4.0 Baragumu Lililopigwa Marufuku

Je, watawala waliuona muziki huo kuwa ni burudani tu? Ushahidi ulio wazi zaidi unapatikana katika hukumu ya 1781. Tarehe 4 Novemba 1780, katika jimbo la Tinta, José Gabriel Condorcanqui, aliyejitambulisha kuwa wa uzao wa Túpac Amaru wa kwanza na kulitwaa jina lake, alianzisha uasi mkubwa kuliko wowote uliowahi kutokea katika makoloni ya Hispania huko Andes. Alikamatwa, na tarehe 18 Mei 1781 akauawa kikatili katika uwanja wa Cusco pamoja na mkewe Micaela Bastidas, aliyekuwa mmoja wa viongozi wakuu wa uasi huo.

Hukumu iliyotolewa na José Antonio de Areche haikuishia kwenye miili ya waasi. Ilipiga marufuku mavazi ya Kiinka na ikaagiza picha za watawala wa zamani zifutwe. Michezo ya kuigiza iliyoikumbuka enzi yao ilikatazwa, na wenyeji wakaamriwa kujifunza Kihispania. Ilikataza pia pututu, yaani baragumu la kombe la bahari, kwa maelezo kwamba sauti yake ya majonzi ilitumiwa na wenyeji kuomboleza na kukumbuka zama zao za kale. Waswahili husema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Areche alikuwa amelielewa hilo, na aliogopa jambo lililokuwa nyuma ya mlio. Dola haitungi kifungu cha sheria dhidi ya kombe la bahari isipokuwa imetambua kwamba, miaka 248 baada ya kifo cha Atahualpa, watu bado wanalia pamoja, na kwamba kilio cha pamoja kinaweza kugeuka kuwa mpango.

Marufuku hayo hayakufaulu. Pututu bado hupulizwa katika vijiji vingi vya Cusco kuwaita watu kwenye mikutano na sherehe. Kumbukumbu ya mtawala aliyeuawa nayo ilihamia katika masimulizi. Katika miaka ya 1950 watafiti, akiwemo mwandishi na mwanaanthropolojia José María Arguedas, walirekodi huko Puquio na miongoni mwa Waq’ero visaasili vya Inkarrí, mfalme Inka ambaye katika masimulizi ya Puquio kichwa chake kimezikwa, na mwili wake unaota upya chini ya ardhi hadi siku atakaporudi. Katika miji kadhaa ya Peru na Bolivia mauaji ya Atahualpa huigizwa hadi leo kwa nyimbo na dansi katika sikukuu za mwaka.

5.0 Namna Tatu za Kudumu

5.1 Muundo wa upigaji

Njia ya kwanza imo ndani ya ala yenyewe. Siku, filimbi ya matete ya eneo la Titicaca, hugawanywa katika safu mbili: ira inayoongoza na arka inayofuata. Hakuna safu iliyo na noti zote za lahani. Mpigaji wa ira akipuliza noti moja, mwenzake wa arka hupuliza inayofuata, na wimbo hupatikana katikati yao. Mtu mmoja hawezi kuupiga wimbo huo kwa namna inayokubalika na jamii. Thomas Turino, aliyefanya utafiti Conima katika mkoa wa Puno, alieleza kwamba vikundi vya huko hupokea mwanamume yeyote anayetaka kujiunga, na kwamba anayekosea hakosolewi mbele za watu. Ubora hupimwa kwa kiasi ambacho sauti zote zinasikika kama ala moja. Kumrithisha kijana muziki huu ni kumrithisha pia namna ya kukaa na wenzake.

Ala hizi hufuata pia majira. Katika jamii nyingi za nyanda za juu za Bolivia na Puno, filimbi za mbao ziitwazo tarka na zile za pinkullu hupigwa wakati wa mvua, na siku hupigwa wakati wa kiangazi. Hivyo kalenda ya muziki na kalenda ya kilimo ni kitu kimoja, na anayelima hukumbushwa kupiga.

5.2 Lugha ya ukiwa

Njia ya pili ni lugha. Wayno ndio aina ya wimbo na dansi iliyoenea zaidi Andes leo, na kamusi ya Kikechua ya Diego González Holguín ya mwaka 1608 tayari ilikuwa na neno la asili hiyo, likihusu kucheza wawili wawili kwa kushikana mikono. Katika wayno mpenzi huitwa njiwa, mto huambiwa usimame, na mwimbaji hujiita wakcha. Neno hili lina maana mbili zisizotenganishwa: yatima na maskini. Katika fikra ya Kikechua, maskini ni mtu asiye na jamaa wa kumsaidia kulima. Kiswahili kina neno lililo karibu nalo sana, mkiwa, ambalo nalo humtaja aliyefiwa, mpweke na fukara kwa pamoja.

Umuhimu wa neno wakcha katika kumbukumbu ya anguko ni mkubwa. Shairi la maombolezo ya Atahualpa liitwalo Apu Inka Atawallpaman, ambalo mtunzi wake hajulikani na ambalo Arguedas alilitafsiri kwa Kihispania, linauonyesha umma uliobaki bila baba. Katika wayno wa kawaida, yatima si taifa tena. Ni kijana anayeondoka kijijini, mjane, au kibarua aliye njiani kwenda mgodini. Hasara ya mtawala imegeuka kuwa msamiati wa hasara za kila mtu. Kwa sababu hiyo mtu anaweza kuimba ukiwa wa kihistoria bila kulitaja jina la Inka hata mara moja, na wasikilizaji wakauelewa.

5.3 Kuazima bila kujipoteza

Njia ya tatu ni kuazima. Wahispania walileta vinubi, fidla na magitaa, na kutokana na ala zao za nyuzi wenyeji waliunda charango, ala ndogo ambayo kwa kawaida ina nyuzi 10 katika jozi tano, na ambayo zamani ilitengenezwa kwa gamba la mnyama anayefanana na kakakuona. Leo fidla na kinubi ndivyo vinavyoandamana na dansi ya mikasi ya Ayacucho, Huancavelica na Apurímac, ambayo wachezaji wake huhusishwa na nguvu takatifu za milima. Harawi nayo, ilipokutana na mashairi ya Kihispania, ilizaa yaravi, wimbo unaohusishwa na mshairi Mariano Melgar wa Arequipa, aliyepigwa risasi na jeshi la Kihispania mwaka 1815 baada ya mapigano ya Umachiri. Anayetafuta usafi wa asili katika muziki huu hataupata. Uwezo wa kupokea ala ya mshindi na kuifanya ilie kwa lugha ya walioshindwa ni sehemu ya uhai wake.

6.0 Misiba Mipya, Desturi Ileile

Katika karne ya 20 mamilioni ya watu walishuka kutoka milimani kwenda Lima. Walikutana kila Jumapili katika kumbi za wazi zilizoitwa coliseo, ambako waimbaji waliochukua majina ya ndege na maua, kama vile Picaflor de los Andes, Flor Pucarina na Jilguero del Huascarán, waliimba wayno kwa watu waliokuwa wageni katika mji mkuu wa nchi yao. Arguedas, akiwa mtumishi wa Wizara ya Elimu, alisaidia kufungua mlango wa nyimbo hizi kurekodiwa kibiashara mwishoni mwa miaka ya 1940. Picaflor de los Andes alipofariki mwaka 1975, umati mkubwa wa wahamiaji ulijitokeza mjini Lima kumzika. Mwaka huohuo Kikechua kilitangazwa kuwa lugha rasmi ya Peru sambamba na Kihispania.

Miaka mitano baadaye ukaja msiba ambao Ayacucho haikuwahi kuuona tangu karne ya 16. Mgogoro wa silaha kati ya Sendero Luminoso na serikali ulidumu kuanzia 1980 hadi 2000. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyowasilisha ripoti yake tarehe 28 Agosti 2003, ilikadiria kuwa watu 69,280 waliuawa au kutoweka. Asilimia 75 ya waathiriwa walioorodheshwa walikuwa na Kikechua au lugha nyingine ya wenyeji kuwa lugha ya kwanza, ingawa kwa mujibu wa sensa ya 1993 wasemaji hao walikuwa asilimia 16 tu ya raia wote.

Kwa miaka mingi mauaji hayo hayakuzungumzwa Lima, ila yaliimbwa Ayacucho. Watunzi kama Carlos Falconí walitunga wayno kuhusu waliouawa na waliotoweka wakati ambapo kuyasema mambo hayo kwa nathari kulihatarisha maisha. Uadilifu wa kitaaluma unatulazimu kutaja pia upande wa pili. Katika jimbo la Fajardo, mtafiti Jonathan Ritter ameonyesha kuwa mashindano ya nyimbo za kanivali za pumpin yalitumika kueneza wito wa Sendero Luminoso kabla ya nyimbo hizohizo kugeuka kuwa ushuhuda wa maangamizi. Desturi ya kuimba pamoja haina kinga dhidi ya kutumiwa vibaya. Hata hivyo, jamii ilipotafuta namna ya kusimulia yaliyoipata, ilikuwa nayo mkononi.

Kizazi cha leo kinaendelea na kazi hiyo kwa sauti nyingine. Renata Flores, aliyezaliwa Ayacucho mwaka 2001, alianza kujulikana mwaka 2015 kwa kuimba kwa Kikechua wimbo wa Michael Jackson, na baadaye akaunganisha rapu na ala za Andes katika nyimbo kuhusu wanawake, historia na lugha. Mtu anaweza kudai kwamba huo si muziki wa jadi. Lakini tukiutazama kwa vigezo vya sehemu iliyotangulia, yaani kuazima ala ya wenye nguvu, kutumia Kikechua na kuimba hasara hadharani, umo katika mkondo uleule.

7.0 Maana kwa Watunga Sera

Mifano miwili inaonyesha hatari ya kuhifadhi wimbo bila mazingira yake. El cóndor pasa, lahani inayojulikana kuliko zote za Andes, ilitungwa na Daniel Alomía Robles kwa ajili ya mchezo wa kuigiza wenye nyimbo ulioonyeshwa Lima mwaka 1913, na mchezo huo ulihusu mgogoro kati ya wachimba migodi wenyeji na wamiliki wa kigeni. Mwaka 1970 Simon & Garfunkel waliitoa ikiwa na maneno mapya ya Kiingereza, ikaenea duniani kote. Jina la mtunzi lilitambuliwa ipasavyo baada tu ya mwanawe kudai haki hiyo. Lahani ilipona, ila wachimba migodi wakasahauliwa. Mfano wa pili ni Inti Raymi, sikukuu ya jua iliyobuniwa upya Cusco mwaka 1944, ambayo leo huvutia maelfu ya watalii kila tarehe 24 Juni. Imerudisha fahari ya mji, lakini fahari inayorudishwa ni ya kasri, na sehemu ya tatu ya makala haya imeonyesha kwamba kumbukumbu ya kasri ndiyo iliyokuwa dhaifu kuliko zote.

Mambo haya yanazihusu pia nchi zetu za Afrika Mashariki kwa njia ya moja kwa moja. Peru, Bolivia, Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zote ni wanachama wa Mkataba wa UNESCO wa 2003 kuhusu urithi wa utamaduni usioshikika. Dansi ya mikasi ya Peru iliingizwa katika orodha wakilishi mwaka 2010, na ngoma ya Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kenya katika orodha ya urithi unaohitaji ulinzi wa haraka mwaka 2014. Washauri wanaoandaa maombi ya namna hiyo wanaweza kuzingatia mambo matatu yanayotokana na historia ya Andes.

Kwanza, kinachostahili kulindwa ni tukio, si wimbo peke yake. Wimbo wa kupanda hauwezi kudumu pale ardhi ya kupanda inapochukuliwa, na wimbo wa msiba hauwezi kudumu pale maziko yanapoharakishwa au kukatazwa. Kwa hiyo mpango wa kuhifadhi ngoma usioulizia habari za ardhi, majira na uhuru wa kukusanyika umeanza kwa kuacha msingi.

Pili, lugha haitenganishwi na muziki. Sensa ya Peru ya 2017 ilihesabu zaidi ya watu 3,700,000 waliojifunza Kikechua utotoni kama lugha ya kwanza, takriban asilimia 14 ya waliohojiwa. Tangazo la 1975 lilikuwa hatua kubwa, lakini kwa miaka mingi halikufuatwa na walimu, vitabu wala mahakama za kutosha. Neno kama wakcha likipotea, halipotei peke yake. Huondoka pamoja na namna nzima ya kuelewa kwa nini fukara na yatima ni mtu mmoja.

Tatu, nyimbo za huzuni zisiondolewe jukwaani kwa ajili ya kuwapendeza wageni. Taasisi za utamaduni mara nyingi huchagua ngoma za furaha na rangi, na kuziacha zile zinazotaja mauaji, unyang’anyi na kutelekezwa. Uzoefu wa Ayacucho unaonyesha kwamba nyimbo hizo ni ushahidi wa kihistoria, na kwamba tume na mahakama zinapochelewa, ndizo zinazotunza majina na mahali. Zinastahili kurekodiwa kwa idhini ya wenyewe, kwa lugha yao, na kwa utaratibu unaowahakikishia watunzi haki zao.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ustahimilivu wa muziki wa Andes haukutokana na ukale wake wala na usafi wake. Nyimbo za watawala wa Cusco, zilizotungwa kwa uangalifu mkubwa na kulindwa na koo zenye mashamba, zilitoweka pamoja na maiti zilizowahusu. Nyimbo za kulima na kuaga, ambazo hazikulindwa na mtu yeyote mwenye cheo, zilivuka Taki Onqoy, marufuku ya 1781, uhamaji wa kwenda mjini na vita vya 1980 hadi 2000. Zilivuka kwa sababu zilihitaji watu wawili wa kupokezana, lugha ya kusema ukiwa, na shughuli ambayo maisha hayawezi kuendelea bila yake.

Kwa watafiti, kazi iliyo mbele ni kuchunguza matukio ya kuimba kwa kina kilekile kinachotumika kuchunguza maneno na lahani. Kwa washauri wa sera, swali la kuuliza mbele ya kila ngoma inayopendekezwa kuhifadhiwa ni jepesi kulitamka na gumu kulijibu: mwaka ujao, itaimbwa wapi, na nani, katika shughuli gani? Pale ambapo jibu pekee ni jukwaa la tamasha, kilichohifadhiwa ni sauti, na jamii iliyoihitaji sauti hiyo bado haijapata ulinzi wowote.